Aliyefungua lango usiku ule

Mmeuliza wiki hii: «Usiku, kituo cha afya kimefungwa. Je, unamwamini munganga (daktari) anayekuhudumia kwa simu?» Jibu langu lilikuwa tayari kabla sijamaliza kusoma: hapana. Ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi, na neno hilo nimelisema mbele za watu tangu mwaka jana. Munganga lazima aguse tumbo, aweke sikio mgongoni, aone mtu anavyoingia mlangoni. Nilikaa niwaandikie mistari mitano tu, lakini mkono umenirudisha kwenye usiku mmoja wa mwezi wa saba.

Mnaijua baridi yetu ya mwezi wa saba. Mbabula, jiko letu la makaa, inaingizwa ndani, mtoto anavikwa mpaka haonekani. Mdogo wangu alikuwa amelala Kasumbalesa kwa biashara yake, ametuachia mtoto wa miezi 14, mimi na mama yetu, kambo wa mtoto, yaani bibi yake. Kikohozi kilikuwa na siku tatu. Kurenti ilikuwa imekatika tangu jioni. Kama saa saba usiku nikasikia sauti ya mtoto imebadilika: hakohoi tena, anaguna kidogo kila anapotoa pumzi, kama mtu aliyebeba gunia zito. Mama akasema tungoje kuche. Nje filimbi za vijana wanaolinda mtaa zilikuwa zimelia mara mbili, na kwetu filimbi zikilia hakuna anayetoka.

Nilikuwa na nambari ya madaktari wanaopokea simu usiku, mwenzangu wa kanisani ndiye alinipa. Aliyepokea alikuwa Kinshasa. Kwetu saa saba na nusu, kwake saa sita na nusu. Anajua Kifaransa na Lingala, Kiswahili hakijui. Alitaka kwanza kumwona mtoto kwa video, ila picha ikakwama, mtoto akawa doa jeusi juu ya blanketi. Akaniambia tuachane na video, nitakuwa macho yake.

Swali lake la kwanza lilinishangaza: kuna makala yanawaka ndani? Akasema toa mbabula nje mara moja, fungua dirisha. Kisha akasema mfunue mtoto kifua na tumbo. Mama akashika blanketi kwa mikono miwili. «Unataka kumuua kwa baridi?» Nikatafsiri. Munganga akajibu polepole kwamba ni kwa dakika moja tu, na kwamba tungoje kwanza mtoto atulie, kwa sababu pumzi za mtoto anayelia hazihesabiki. Tukangoja. Mama akamulika kwa tochi ya simu yake ndogo. Tumbo likipanda, moja. Yeye aliangalia saa huko kwake, akasema anza, akasema acha. 62. Akasema rudia. 64. Akanieleza kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, akifika 40 kwa dakika, tayari anapumua haraka mno. Akaniuliza kuhusu ngozi iliyo chini ya mbavu. Nikaangalia: kila mtoto akivuta hewa, pale palichimbika, panarudi, panachimbika. Nilikuwa nimembeba siku nzima na sikupaona, kwa sababu ya nguo. Akaomba niangalie ulimi na ufizi, maana midomo ya ngozi yetu kwa mwanga wa tochi inadanganya. Akaomba nimpe maji kwa kikombe. Maji yalimwagika kidevuni, hakumeza.

Akasema: mpeleke sasa, mahali penye oksijeni.

Swali lenu linaishia hapo. Langu ni hili: unampeleka na nani?

Jirani yetu ana taksi. Niligonga lango lake, mtoto mgongoni, betri ya simu imebaki kidogo. Kimya. Sikumlaumu, na leo simlaumu. Wezi wamewahi kuja mtaani kwetu wakilia kwamba mtoto anakufa, na mtu aliyefungua alijuta. Nikaita, «Papa, ni mimi, jirani yako.» Akauliza kutoka ndani, «Uko na nani?» Munganga alikuwa bado kwenye simu. Nikaweka sauti kubwa, nikaisogeza simu kwenye tundu la lango. Munganga akamwita Papa, akajitaja jina na kazi yake, akasema kwa Kifaransa kwamba amemfuata mtoto huyu kwa nusu saa na kwamba hatafika asubuhi bila hewa. Halafu nikasikia mnyororo unafunguliwa.

Hospitalini walituuliza dhamana kabla ya kitanda, na jirani ndiye aliyeilipa. Mtoto aliwekewa oksijeni, akadungwa sindano, siku ya tano tukarudi naye nyumbani.

Sasa nikiandika ninaona kwamba munganga yule hakumtibu mtoto. Kuhesabu nilihesabu mimi. Lakini mama yangu asingenikubalia mimi kumfunua mtoto, wala lango lile lisingefunguka kwa sauti yangu. Kumbe mwaka mzima nimesema hapana kwa hasira ya jambo jingine: lugha. Kama ningekuwa mimi niliyelala Kasumbalesa, mama angebaki na simu mkononi na munganga ambaye hawasikilizani. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Anayetaka kutuhudumia Katuba usiku aweke mtu anayeelewa kambo akisema mtoto anapumua juu-juu. Hapo sirudi nyuma.

Kwa hiyo, mnisamehe, hapana yangu imeanguka, ingawa ndiyo kamili bado hainitoki. Kwa mzee aliyeishiwa dawa ya presha, au upele uliotokea usiku, piga simu. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, degedege, mjamzito anayetoka damu: ondoka kwanza, upige ukiwa njiani. Na munganga anayekutajia dawa ya mtoto bila kuuliza kilo zake, mkatie simu. Haya nayasema kama mama mkubwa wa mtoto, si kama muuguzi.

Ile nambari nimeiandika ukutani, karibu na mlango. Juu yake nimeandika ya jirani. Tumekubaliana nitakavyogonga: mara tatu, nitulie, mara mbili. Mama naye nimemfundisha kuhesabu pumzi, sasa anawahesabia wajukuu wote wakilala, hata wasio na kikohozi. Lakini jirani anahamia Likasi mwezi wa tisa, na wapangaji wanaokuja sijawajua bado.