Wiki saba kabla ya Krismasi: maswali yenu ya kufuma

Theluji ya kwanza imeanguka hapa Minnesota wiki hii, na maswali yenu yamemiminika pamoja nayo. Wengi mnaandika kutoka nchi za baridi, ambako Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni na mikono inatafuta kazi. Nimechagua machache. Ukiona swali la mwenzako linafanana na lako, chukua jibu lake.

Dada, nina mume na watoto wanne. Mwaka huu nataka kila mmoja apate sweta nililofuma kwa mkono wangu. Uzi nimeanza kununua jana. Nitawahi? (Columbus, Ohio)

Hutawahi, dada yangu, na nakwambia mapema ili usije ukalia tarehe 24.

Tupige hesabu. Sweta la mtu mzima lenye kifua cha sentimita 100, kwa uzi wa unene wa kati ambao sentimita 10 zinabeba vitanzi 18, lina vitanzi 180 kila mzunguko wa kiwiliwili. Mizunguko ni kama 150. Hapo tayari una vitanzi 27,000, na mikono miwili inaongeza zaidi ya 14,000. Mfumaji aliyezoea, akiwa ametulia, huenda vitanzi 25 kwa dakika. Basi ni karibu saa 28 kwa sweta moja, na hapo hujafumua kosa hata moja, hujaunganisha, hujaosha, hujapokea simu ya nyumbani. Ya watoto ni madogo, lakini ni manne. Mama mwenye kazi na watoto wanne akipata saa moja kwa siku ya kukaa na sindano amejitahidi sana, na wiki saba zitampa saa 49 tu.

Sasa angalia kofia. Kichwa cha mtu mzima ni kama sentimita 56, na kofia tunaifuma ndogo kidogo, sentimita 50 hivi, ili ishike isivuke masikio. Kwa uzi ule ule ni vitanzi 90 kwa mizunguko kama 50, na kileleni unapunguza, kwa hiyo havifiki hata 4,500. Mzoefu anamaliza kwa saa tatu, anayeanza kwa saba au nane. Donge moja la gramu 100 linatosha. Kofia tano unaziweza kwa raha, na nafasi ya kufumua inabaki.

Mwaka wangu wa pili hapa niliahidi masweta matatu. Usiku wa mkesha nilikuwa jikoni nafuma mkono wa kushoto wa sweta la mwanangu mkubwa, taa ya juu ya jiko tu inawaka ili wasiamke, na uzi wenyewe mweusi. Uzi mweusi usiku hauonekani. Vitanzi nilikuwa navihesabu kwa kidole gumba, nakosea, narudia. Asubuhi mtoto alilivaa likiwa na mkono mmoja, akazunguka nalo nyumba nzima kwa furaha. Mimi nilikuwa nimechoka hata pilau sikuweza kuila. Siku niliyoingojea mwaka mzima ilinipita nikiwa nasinzia kwenye kochi, na hilo bado linaniuma. Kwa hiyo, dada, kofia kwa wote, na kama roho inakataa, sweta moja tu kwa yule mdogo kuliko wote. Rangi iwe ya mwanga. Na madonge yote ya rangi moja yanunue siku moja, uangalie namba ya mkupuo wa kutia rangi (dye lot) kwenye lebo ilingane, kwa sababu buluu ya wiki hii na buluu ya wiki ijayo zinaweza kutofautiana, na utaiona tofauti hiyo katikati ya kifua.

Mwaka jana nilimfumia wifi yangu sweta la sufu tupu. Akalitia kwenye mashine ya kufulia, likatoka la kumtosha mwanasesere. Tangu siku hiyo hatuongei vizuri. Nani mwenye kosa? (Leicester, Uingereza)

Mpigie simu wifi yako leo, kisha uje usome hapa.

Unywele wa kondoo umefunikwa na magamba madogo mno, yamelaliana kama ya samaki. Maji ya moto na sabuni kali yanayafungua, msukosuko wa mashine unazisugua nywele zikasogeleana, magamba yanashikana, na yakishashikana hayaachiani tena. Wifi hakuharibu kwa makusudi. Kama hukumwambia, angejuaje? Sweta hilo halirudi kuwa sweta, ila kitambaa chake sasa ni kinene na ukikikata hakifumuki. Kata vitambaa vya kushikia sufuria, au soli za ndani za viatu, umpelekee akuone umelichukulia kwa wema.

Mwaka huu nunua sufu iliyotibiwa ifulike kwa mashine. Lebo husema. Hata hiyo isifuliwe kwa maji ya moto. Kama uzi hauna lebo, umepewa na jirani au umeupata duka la mitumba, kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sinki, kiwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unazimika wenyewe, na jivu linasagika kati ya vidole likishapoa. Akriliki, yaani uzi wa plastiki wa kiwandani, inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Akriliki haisinyai hivyo kwenye mashine, inafaa sana kwa watu wasio na muda, lakini usiipige pasi kamwe, italala na haitainuka tena.

Na kila zawadi iambatane na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: uzi gani, inafuliwaje, inaanikwa vipi. Kuanika ni kulaza juu ya taulo. Ukitundika sweta la sufu likiwa limeloa, maji yanalivuta mpaka magotini.

Shikamoo mama. Mama mkwe wangu anaishi Njombe na nitaenda kumsalimia Krismasi. Nataka nimfumie kitu, lakini Desemba kule si baridi. Nimpe nini? (Stockholm)

Marahaba mwanangu. Umegusa kwetu.

Desemba Njombe ni mvua na matope, na jioni kuna kabaridi ka kuvumilika. Baridi yenyewe ni Juni na Julai, asubuhi umande umeganda mabondeni na watu wanaota moto kabla ya kusemeshana. Mfumie kwa ajili ya Juni. Akiliweka sandukuni miezi sita, mwezi huo akilitoa atakukumbuka upya.

Usimfumie la kuvalia kichwani. Mama wa umri wake ana kilemba chake na kitenge chake, hataki kuvuruga. Mfumie sweta wazi la vifungo mbele, au kama muda hautoshi, shali nzito ya mabega. Kipimo usimuulize yeye, atakwambia "mwanangu chochote tu." Muombe wifi yako achukue sweta analolipenda mama, alilaze kitandani, apime toka kwapa hadi kwapa, halafu wewe uzidishe mara mbili. Apime na urefu wa mkono. Rangi pia aulizwe wifi.

Mimi nilijifunzia kule, kwa spoku mbili za baiskeli tulizozinoa kwenye jiwe, na uzi tulioupata kwa kufumua masweta ya mitumba. Uzi wa namna hiyo unatoka umejikunjakunja kama tambi. Mama alikuwa anauzungushia mgongo wa kiti, anaufunga sehemu nne usichanganyike, anauloweka, kisha anautundika na kitu kizito chini, ukikauka umenyooka kabisa. Bado nafanya hivyo. Kama mama mkwe wako amewahi kufuma, mbebee madonge mawili na sindano nzuri za mianzi juu ya lile sweta. Nimeona wazee wakifurahia hizo sindano kuliko nguo yenyewe.

Mimi ni mwanaume, dereva wa lori Ujerumani. Usiku nalala kwenye maegesho, na simu imenichosha. Mke wangu yuko Mwanza. Nikianza kufuma nitachekwa? (Hamburg)

Fuma, kaka. Katika kisiwa cha Taquile, Ziwa Titicaca, nchini Peru, kofia zinafumwa na wanaume, na wavulana hufundishwa wangali wadogo. Na kwetu pwani kofia za viua zinashonwa na wanaume na wanawake pia, tundu kwa tundu, kwa miezi. Mwanza kuna joto, kwa hiyo acha sufu. Nunua uzi wa pamba na sindano nene, umfumie mkeo mfuko wa sokoni wenye matundu makubwa. Matundu yanaficha makosa ya mwanafunzi, na kila akienda kununua nyanya atakuwa na wewe mkononi.

Dada yangu atajifungua katikati ya Desemba. Nimfumie mtoto kofia yenye bonge la uzi juu, na blanketi la kitandani? (Minneapolis)

Kofia ndiyo, ya kutokea nje kwenye baridi. Bonge la uzi liache mpaka akue, linaweza kung'oka likaingia mdomoni. Kamba za kufungia chini ya kidevu pia ziache. Ndani ya nyumba, akilala, avuliwe kofia, kwa sababu mtoto mchanga hupunguza joto lake kupitia kichwani. Madaktari wa watoto Marekani wanashauri hivyo. Blanketi nalo lisiwe kitandani mwaka wa kwanza. Lifume kwa ajili ya kigari, mama akiwa anamwona. Vitanzi vishikane, matundu yasiwe ya kunasa vidole. Uzi uwe pamba au sufu laini ya kufulika. Upitishe shavuni kwako kwanza: ukikuwasha wewe, utamwasha yeye zaidi.

Wanangu wamesema soksi si zawadi. (Oslo)

Wahadithie paka wa Iceland. Watu wa huko husimulia habari za paka mkubwa ajabu anayezurura usiku wa Krismasi, na asiyepata nguo mpya sikukuu hiyo huliwa naye. Jozi ya soksi inatosha kumwokoa mtu. Inasemekana hadithi hiyo iliwahimiza watu wamalize kazi ya sufu kabla ya sikukuu.

Na soksi ni miongoni mwa vitu vya kale kabisa vilivyofumwa kwa sindano ambavyo bado tunavyo duniani: za pamba, buluu na nyeupe, kutoka Misri ya zama za kati. Mimi nikiziona pichani natazama visigino, jinsi mtu wa miaka ile alivyosumbuka mahali pale pale ninaposumbuka mimi.

Kwa miguu inayokua, fuma soksi isiyo na kisigino, bomba moja refu lenye lastiki juu. Mtoto akiongezeka mguu, soksi inasogea naye. Chagua uzi wenye robo ya nailoni, ama sivyo vidole vitatoboa kabla ya Pasaka.

Nimefika mstari wa 40 wa skafu, nikaona mstari wa 30 kuna kitanzi nilikipindua kinyume. Nifumue yote? (Nairobi)

Usifumue yote. Fika juu ya kitanzi hicho, ukidondoshe kwenye sindano kwa makusudi. Kitashuka mstari kwa mstari, kikiacha ngazi ya vijiti vya uzi. Kikifika kwenye kosa, kishike kwa ndoano ya kroshia, kisha panda nacho: ndoano ndani ya kitanzi, kamata kijiti cha kwanza, vuta kipite, kamata cha pili. Mara kumi hivi umefika juu. Mara ya kwanza moyo utakwenda mbio. Fanyia majaribio kwenye kipande kidogo usichokijali.

Nasafiri kwenda Nairobi tarehe 20 na kofia ya baba haijaisha. Sindano zinaruhusiwa kwenye ndege? (Dallas)

Viwanja vya Marekani vinaruhusu sindano za kufumia kwenye mkoba wa mkononi, ila mkaguzi ana uamuzi wa mwisho, na ukibadilisha ndege nchi nyingine kanuni zinaweza kuwa tofauti. Beba sindano fupi za mianzi zilizounganishwa kwa waya, na mkasi uingie kwenye begi kubwa. Kabla hujafika kwenye ukaguzi, pitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote 90 kwa sindano ya kushonea. Sindano za kufumia zikichukuliwa, kofia ya baba itabaki salama, na sindano nyingine utanunua ukifika.