Samaki beta amelala chini kikombeni: nimnunue?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nakaa Makorora, hapa Tanga. Nikienda sokoni napita duka linalouza samaki wa mapambo. Pale kwenye kioo cha mbele wamewapanga beta, kila mmoja kwenye kikombe cha plastiki, kama juisi. Kuna mwekundu mmoja amelala chini siku ya nne leo, mapezi ameyafumba. Muuzaji anasema ndivyo walivyo, hata kwao wanaishi kwenye madimbwi. Ni kweli? Nimnunue nimwokoe?
Mama wa watoto wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo muuzaji kakwambia nusu. Beta kwao ni Thailand, na makazi yake ni mashamba ya mpunga, vinamasi na mifereji ya maji yaliyotulia. Lakini maji ya shamba la mpunga, hata yakikufika magotini tu, yameenea. Samaki akikerwa anahama, akiogopa anaingia kwenye majani. Ndani ya kikombe ataingia wapi?

Kinachowadanganya watu ni pumzi yake. Juu ya mashavu ana kiungo cha kuvutia hewa, ndiyo maana unamwona anapanda, anagusa uso wa maji, anashuka. Maji ambayo samaki mwingine angekufa usiku huohuo, yeye anayastahimili. Hafi upesi, basi wanasema kazoea. Na kinyesi chake kimo humohumo, amonia, yaani sumu ya uchafu huo, inazidi, inamuunguza mashavu na mapezi. Halafu vikombe vimebanana: madume hawapatani, wakionana wanatunishiana mashavu kutwa nzima, hawapumziki.

Mimi nilikuwa na wa bluu. Nilimweka kwenye chupa ya jemu dirishani kwa sababu rangi yake ilipendeza juani. Siku moja nimerudi saa tisa alasiri, nashika chupa, ya moto kama kikombe cha chai. Alikuwa ameshaelea. Nimelia kwa ajili ya samaki yule, na mpaka leo sijaweka chombo chochote cha samaki kwenye jua.

Kununua kwa huruma sikushauri. Ukimtoa huyo, kesho kikombe kina mwingine, na wewe nyumbani hujaandaa kitu. Ukitaka kweli kufuga, anza na makazi: tangi la lita 20 hivi, lenye mfuniko maana beta huruka, na mimea ya kujifichia. Kichujio kiwe cha mkondo mdogo, mapezi marefu hayawezi kushindana na maji ya kasi. Joto analolipenda ni nyuzi 24 hadi 28, na hali ya hewa yetu humtosha siku nyingi. Mwangalie zaidi usiku wa kusi, na usimweke chumba chenye kiyoyozi. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi yalale usiku kucha, klorini itoke, kisha badilisha robo ya tangi kila wiki. Chakula kidogo tu, tumbo lake ni dogo sana. Viluwiluwi vya mbu anavipenda, ila wasitoke kwenye maji yaliyopuliziwa dawa. Na tafadhali, watoto wasikuletee maji ya Raskazone. Huyu ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, maji ya bahari yatamuua. Wala ukimchoka usimwachie Mto Zigi, si kwao.

Kwa muuzaji nenda asubuhi, wateja hawajajaa, uzungumze naye kwa adabu. Kila anayekufa ni hela yake imekwenda, atakusikiliza. Mwombe avitoe vikombe kwenye kioo kinachopigwa na jua, aweke kipande cha karatasi kati ya kimoja na kingine, na abadilishe maji kila siku. Huyo mwekundu asingoje mteja: amtoe leo hii, amhamishie kwenye ndoo yenye maji yaliyolala, pembeni penye kivuli.