Datsun 240Z imetoka kwenye rangi: ndani nianze na nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Datsun 240Z ya 1972 aliyoniachia marehemu baba. Bodi imeshachomelewa na kupigwa rangi, vioo bado havijarudi. Vitu vya ndani viko stoo kwenye makatoni saba, na vingine sikumbuki hata vilitoka wapi. Fundi wangu wa viti hapa Mombasa anataka alaze kapeti kwanza ili gari lionekane limekaribia kwisha, halafu dashibodi ije baadaye. Tena ananishauri tumwage lami sakafu nzima kuzuia kelele. Dashibodi yenyewe ina nyufa tatu juu. Nianze na nini, na hiyo lami niweke ama niache?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Bahati yako ni kwamba vioo bado havijarudi. Mwambie fundi wa viti, kwa heshima zote, apumzike kwanza. Kapeti ni kitu cha karibu na mwisho, na gari lako lisipate hata kipande kimoja cha kapeti kabla hujaliendesha likiwa uchi na kulimwagia maji. Nalisema hili kwa sababu yamenikuta. Miaka ya nyuma nilimaliza gari la mteja, kapeti mpya, kila kitu kimenyooka, tukapiga picha. Mvua ya kwanza ya masika maji yakaingia kwa mpira mmoja tu wa tundu la waya, yakajificha chini ya kapeti, na baada ya wiki mbili gari likanuka kama gunia la dagaa. Nilifumua kazi yote bure.

Kinachoingia kwanza ni dari. Ile reksini nyeupe yenye sponji mgongoni imegandishwa kwenye bati la paa kwa gundi, na kingo zake zinakunjwa chini ya mpira wa kioo cha mbele na mpira wa mlango wa nyuma. Ukirudisha vioo kwanza, utakuja kuvitoa tena. Anika reksini juani nusu saa ilainike, piga mstari wa katikati kwa chaki juu ya paa na mgongoni mwa reksini, kisha anza katikati ukielekea pembeni kwa kiganja, taratibu, ukiwa na mtu wa pili wa kuishikilia. Jua la Mombasa ni mashine ya hewa moto usiyolipia umeme.

Kuhusu gundi, nitakuwa mkali kidogo. Gundi ya kawaida ya viatu inashika vizuri asubuhi na inaachia saa nane mchana. Gari lililofungwa vioo likiachwa juani, juu ya dashibodi joto huweza kuvuka nyuzi 70, na paa halina nafuu kubwa. Tafuta gundi ya mguso iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inastahimili joto la juu, ile wanayoitumia mafundi wa dari za magari. Paka pande zote mbili, kwenye bati na kwenye reksini, subiri hadi ukigusa kwa kidole haikufuati, ndipo ubandike. Ukibandika ingali mbichi, mvuke wake unanaswa ndani na kesho yake utaona mapovu. Fungua milango yote, na sigara isisogee karibu.

Dari ikishakauka, rudisha vioo na mipira yake, kisha tulia. Sasa ndio wakati wa maji. Wewe kaa ndani na tochi, mtu awe nje na mpira wa maji. Aanzie chini, kwenye vizingiti, apande polepole kwenye milango, kisha ile sehemu yenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, mwisho kioo chenyewe na mlango wa nyuma. Akianza juu hutajua maji yameingilia wapi. Kwenye hizi Datsun nina mashaka zaidi na mahali patatu: mifereji ya maji iliyoziba majani chini ya vaipa, matundu ya waya kwenye ukuta wa injini, na gasketi za taa za nyuma.

Hizo gasketi za nyuma zina hatari kubwa kuliko maji. Gari la umbo hili likienda mbio linaacha hewa nyepesi nyuma yake, na moshi wa ekzosi unavutwa kurudi ndani kupitia mpira wa mlango wa nyuma, vishimo vya taa na kizibo chochote kilichokosekana. Wenye 240Z duniani kote wanalalamikia harufu ya moshi, na wengi wanadhani injini ndiyo mbovu. Harufu unaisikia, lakini kaboni monoksidi iliyomo huisikii, na hiyo ndiyo inayoua. Kata karatasi nyembamba, ifunge kati ya mpira na bodi, vuta. Ikitoka bila kukaza, mpira haujashika hapo. Zunguka mlango wote hivyo. Na ukiwa huko nyuma, angalia kama gari lako lina kile kijitangi cha mvuke wa petroli nyuma ya paneli ya pembeni. Likiwa nacho, badilisha mipira yake yote sasa hivi, hata ile inayoonekana mizima, maana paneli ikishafungwa utakuwa unasikia petroli kila ukipanda kilima na hutapata pa kushika.

Sasa lami. Usimwage. Ni kweli kiwanda kilibandika mabamba ya lami sakafuni, lakini yale yalikuwa mabamba, hayakuwa lami ya kumwaga kama ya paa la nyumba. Lami ya paa inanuka kwenye joto, inalainika, na siku unataka kuchomelea sakafu utamlaani aliyeiweka. Mabamba yale ya zamani yalipopasuka yaliacha maji yakae kati yake na bati, na nina hakika sehemu ya kutu uliyomlipa mtu kuikata ilianzia hapo. Tumia shuka za butaili, ule mpira mzito unaonata, zenye foili ya alumini mgongoni. Wala huhitaji kufunika kila mahali. Kazi yake ni kuzuia bati lisitetemeke, na bati hutetemeka zaidi katikati. Gonga kwa kifundo cha kidole: likilia kama sufuria, bandika hapo, likijibu kwa sauti ya ubao, pita. Robo hadi theluthi ya kila bati inatosha, ukikandamiza kwa rola hadi foili ionyeshe imelala. Juu yake, kwa hali ya hewa ya pwani, weka sponji isiyonywa maji. Kiwandani chini ya kapeti waliweka pamba nzito ya nyuzi, na huko kwenu pamba hiyo ni sifongo ya kunywea unyevu. Mimi siirudishi, hata kwa mteja anayetaka kila kitu cha asili.

Kabla ya shuka hizo, chukua boliti za viti na za mikanda uzifunge zote kwa mkono kwenye matundu yake. Nyingi zitakataa kwa sababu mpiga rangi amejaza rangi kwenye thredi. Zisafishe kwa tapu, kile chuma cha kuchongea thredi, usilazimishe kwa spana. Na uangalie: boliti za mikanda ya usalama kwenye magari mengi ni za inchi 7/16 zenye thredi 20 kwa inchi, hazifanani na zile za milimita zilizojaa kwenye gari lako lote. Fundi mwenye haraka huingiza boliti ya milimita inayokaribiana, inashika mizunguko miwili mitatu, anasema imekaza. Siku ya ajali ndiyo inajulikana.

Rangi mpya ina kosa lake jingine, na hili linawasumbua watu miezi. Nyaya za athi, zile zinazorudisha umeme kwenye betri kupitia bati, zimefungwa kwenye bodi, na rangi haipitishi umeme. Kwangua kila sehemu ya athi hadi bati ling'ae, funga, kisha paka grisi kidogo juu. Gari likitoka kwenye rangi halafu taa zinafifia na geji zinacheza, usinunue geji nyingine.

Hita irudi kabla ya dashibodi. Najua unacheka, hita Mombasa ya nini? Lakini maji ya moto ya injini yanapita humo, na vali yake ikikwama wazi utapikwa miguu Januari yote. Ikivuja, itavuja juu ya kapeti yako. Ijaze maji ikiwa mezani, iache usiku kucha juu ya gazeti kavu, na uweke mipira mipya. Ni rahisi pia kubandika reksini ya mgongo wa gia boksi hita ikiwa bado nje, kwa sababu ncha ya mbele ya reksini hiyo inafika huko chini ambako mkono haupiti tena.

Reksini hiyo ndiyo sura ya 240Z. Ni ile yenye mishono ya almasi, mgongoni pa gia boksi na kwenye vile vichuguu viwili vya nyuma vinavyobeba shokapu. Mtu akifungua mlango, jicho lake linakwenda pale kwanza. Ukiivuta kwa nguvu ili ikae, almasi zinarefuka upande mmoja na hakuna dawa. Ijaribishe bila gundi, weka alama, gandisha katikati tu, subiri, kisha shuka upande mmoja baada ya mwingine. Vichuguu vitakutesa, kwa sababu vina mviringo pande zote. Tenga siku nzima kwa kila kimoja na usianze jioni.

Dashibodi ina fremu ya chuma, juu yake sponji na ngozi ya vinili. Nyufa zako ni za jua: sponji imesinyaa, ngozi ikakosa pa kwenda. Kifuniko cha plastiki cha kuvalisha juu kinaficha nyufa, na kwa gari la kuendesha kila siku sina ugomvi nacho. Kwa gari la mzee ningekata kila ufa kwa umbo la V, nikajaza kijazio kinachonyumbulika cha mchanganyiko wa vitu viwili, nikapiga msasa, kisha fundi aivalishe ngozi mpya. Kijazio kigumu cha bodi kitapasuka tena kabla ya Krismasi.

Usiiingize kabla hujaijaribu. Ilaze juu ya meza yenye blanketi, unganisha nyaya na betri ya volti 12 kupitia fyuzi, washa kitu kimoja kimoja. Zingatia geji ya ampea. Kwenye gari hili mkondo wote wa kuchaji unapita ndani yake, kwa hiyo nati iliyolegea mgongoni mwake inapata moto hadi plastiki iyeyuke. Taa kubwa nazo hupitisha umeme wake wote kwenye swichi ya usukani na kwenye kisanduku cha fyuzi, ambacho kina sifa ya kuungua. Ongeza rilei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo, karibu na taa, sasa, wakati nyaya zinafikika. Kisha muwe watu wawili, funika usukani kwa taulo, na kebo ya spidomita uivute kabla fremu haijakaa.

Hapo endesha. Kaa juu ya kreti ukitaka, hapana, natania, funga kiti cha dereva na mkanda wake, uende hadi Mtwapa na kurudi. Sikiliza, nusa, gusa sakafu. Rudi, lirekebishe, nenda tena. Safari za hivi zisizo na kapeti ndizo zitakazokuokolea fedha.

Baada ya hapo fundi wako wa viti aje, na afurahi. Kapeti usiitoboe kwa drili hata siku moja: ncha inanasa uzi mmoja na kuufumua mstari mzima hadi mlangoni. Tafuta tundu kwa sindano kutoka juu, kisha toboa kwa chuma cha kulehemu chenye moto, kinayeyusha nailoni na kufunga kingo zake. Kwenye milango, rudisha karatasi ya plastiki nyuma ya paneli. Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida, yanateremka kioo na kutoka kwa vitundu vya chini. Plastiki isipokuwepo yanarukia hadibodi ya paneli, nayo inavimba kama mkate.

Paneli za plastiki za nyuma zimekauka miaka hamsini na zaidi, zinavunjika kama biskuti. Zioshe, zipashe joto juani, kaza skrubu kwa mkono hadi ziguse tu. Viti mwisho. Fundi asiongeze godoro kukufanya ukae vizuri. Paa la gari hili liko chini, sentimita tatu zinatosha kukugongesha kichwa kila tuta. Mikanda ya usalama nunua mipya, ile ya zamani imeliwa na jua hata kama rangi yake bado nzuri.

Makatoni saba yafungue leo, uvipige picha vyote sakafuni. Ukikwama na kipande usichokijua, nitumie picha yake. Na kama mzee aliwahi kukusimulia mashindano ya magari ya Safari Rally ya 1973, Shekhar Mehta na Lofty Drews wakishinda kwa gari kama hilo hilo baada ya kulingana pointi na Datsun nyingine, basi usiruhusu mtu akuuzie usukani mpya. Ule wa zamani unasafishwa.