Mke, mume na gari moja: siku nzima kaskazini mwa Pemba

Wengi wanaokodi gari Pemba kwa siku moja hutaka kukimaliza kisiwa: asubuhi magofu ya Pujini, mchana Mkoani, jioni Ras Kigomasha. Huishia kuona lami. Njia za Pemba ni za vilima na kona, zenye matuta kila penye skuli, na baiskeli na magari ya ng'ombe hayana haraka na mtu. Shikeni upande mmoja tu wa kisiwa. Kama ni mara yenu ya kwanza, nendeni kaskazini: msitu wa Ngezi, mnara wa taa wa Kigomasha, pwani ya Vumawimbi, na Kidike kwenye popo wakati wa kurudi.

Kabla ya kupanga saa, tazameni mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu baada ya hapo, maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Siku hizo anzeni na msitu, pwani muiwache mchana. Maji yakiwa mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: hujaa saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo piteni Ngezi moja kwa moja, mkaoge kwanza, msitu uwe wa mchana. Katikati ya vipindi hivyo hesabuni kuwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Wasiolijua hili hufika Vumawimbi na taulo mkononi, bahari iko mbali.

Gari likaguliwe kabla ya kulipa. Litoeni tairi la spea mlibonyeze, mjaribu jeki, muone kama spana inaingia kwenye nati za magurudumu ya gari hilo hilo, kwani mara nyingi spana iliyomo ni ya gari jingine. Bima iwe hai, maana askari wa barabarani mtakutana nao. Mgeni wa kutoka nje ya nchi awe na kibali cha kuendeshea Zanzibar. Mafuta jazeni Chake Chake.

Ondokeni saa kumi na mbili na nusu. Mmoja aendeshe, mwenzake aangalie njia na watoto wanaokwenda skuli. Chakula nunueni Konde: chapati, samaki wa kukaanga, maji ya kutosha, kwani mbele ya hapo maduka hupungua. Mwezi wa Ramadhani chukueni chakula nyumba ya wageni mnakolala, na msile hadharani.

Ngezi mtalipa langoni na kupewa muongozaji. Vaeni viatu vya kufunga. Mwambieni awaonyeshe mpapindi, mnazi-mwitu mwembamba wa Pemba, na mivule mikubwa. Saa moja ya kutembea inatosha. Kigomasha ombeni ruhusa kwa mlinzi kabla ya kupanda mnara.

Vumawimbi ndiko magari yanakokwama. Chini ya minazi mchanga unaonekana mgumu kwa sababu ya majani makavu juu yake, chini ni unga. Egesheni pale udongo unapoishia, mtembee. Mkishakwama, msikanyage mafuta: gurudumu likizunguka bure linajichimbia mpaka gari likalie tumbo. Chimbeni mbele ya magurudumu yanayovuta, tandikeni makuti na makumbi ya nazi, mtu mmoja asukume, mwengine atoke taratibu kwa gia ya pili. Nguo za kuogea ni za ufukweni tu; mkirudi njiani jifunikeni mabega na magoti. Kushikana mikono si tatizo, kubusiana mbele za watu ni utovu wa adabu.

Msimu wa karafuu, majamvi huanikwa hadi ukingoni mwa lami. Yapisheni hata ikibidi kusimama; ile ni kazi ya familia nzima. Wala msinunue karafuu za gunia njiani, maana mnunuzi halali kwa mkulima ni ZSTC, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, peke yake.

Mrudi mapema mfike Kidike saa kumi na moja, popo wa Pemba wakiwa bado wananing'inia mitini. Msipige makofi wala kurusha mawe ili waruke. Wanaruka wenyewe jioni, na kuwashtua mchana ni kuwatesa. Tokeni hapo kabla ya magharibi: kigiza kikiingia, baiskeli nyingi hazina taa.