Mtoto halii mama akiondoka: wanasaikolojia humpimaje?

Swali: Nafanya kazi mjini, na mwanangu wa miezi 14 hushinda kwa nyanya yake Kisauni. Asubuhi nikimwacha halii. Jioni nikirudi hunitazama tu, kisha huendelea kuchezea vifuniko vyake. Nasikia kuna kipimo cha mafungamano ya mtoto na mlezi. Hufanywaje, na je, chaweza kuonyesha kama mwanangu hanitaki?

Jibu: Dada, kilio cha asubuhi peke yake hakisemi mengi. Katika kipimo hicho, kinachochunguzwa zaidi ni mlezi anaporudi.

Kilibuniwa na mwanasaikolojia Mary Ainsworth na wenzake huko Baltimore, Marekani, baada ya yeye kuzichunguza familia 26 karibu na Kampala kati ya 1954 na 1955. Hufaa watoto wa miezi 12 hadi 20 hivi. Mama na mtoto huingizwa katika chumba wasichokijua, chenye vitu vya kuchezea. Baada ya dakika 3 huingia mtu mgeni: dakika ya kwanza hunyamaza, ya pili huzungumza na mama, ya tatu humsogelea mtoto. Mama hutoka, akamwacha mtoto na mgeni. Hurudi, mgeni akaondoka. Mama hutoka tena na mtoto kubaki peke yake. Mgeni huingia kwanza, ndipo mama arudi. Kila hatua ni dakika 3, lakini mtoto akilia sana mama huitwa mapema.

Wapimaji waliofunzwa huitazama video na kutoa alama 1 hadi 7 kwa mambo manne: mtoto kumwendea mama, kumng'ang'ania, kumkwepa, na kumkataa kwa hasira. Kisha mtoto hutiwa katika kundi lake. Aliye na usalama, yaani anayemtegemea mlezi bila shaka, huweza kulia sana, ila akibebwa hutulia na kurudi mchezoni. Mwingine humpa mama kisogo. Mwingine hutaka kubebwa na papo hapo hujipindapinda mikononi kwa hasira. Kundi la nne, la watoto ambao mwenendo wao hauna mpango, liliongezwa baadaye na watafiti Mary Main na Judith Solomon.

Asiyelia si lazima awe ametulia: vipimo vya mapigo ya moyo vimeonyesha wasiwasi hata kwa watoto wanaomkwepa mama. Kwa upande mwingine, mtoto aliyezoea kuachwa kila siku huenda haoni jambo geni, na hapo kipimo chaweza kukosea. Njaa, usingizi na homa pia huharibu matokeo. Desturi nazo zina uzito. Kwa Wagusii wa hapa Kenya, watafiti waliwakuta watoto wadogo wakizoea kumlaki mtu mzima kwa kupeana mkono. Mpimaji anayesubiri kumbatio ataandika kwamba mama amekwepwa.

Tena hupimwa uhusiano mmoja mmoja. Mafungamano na nyanya hayapunguzi yako, na ni mali kubwa kwa mtoto huyo.

Nyumbani hutumika njia nyingine: mchunguzi huwatazama kwa saa kadhaa, halafu hupanga kadi 90 za tabia katika mafungu 9, kuanzia zisizomfanana mtoto hadi zinazomfanana kabisa. Kwa familia zetu naiona inafaa zaidi.

Wewe mwangalie anapoanguka, anapoumwa au anaposhtuka ukiwa karibu. Akikujia na akatulia kwako, hiyo ni dalili njema kuliko shangwe ya mlangoni. Ikiwa hamwendei mtu yeyote, wewe wala nyanya, hata akiumia, mpeleke kliniki ya watoto akaangaliwe pia masikio na ukuaji wake.