Re: Kukatwa gego la mwisho na kuachiwa mizizi

Pole sana mkuu. Daktari anataka kukata kichwa cha gego la chini aache mizizi, we unaogopa itaozea humo. Mimi nilifanyiwa hivyo hapa Dar. Kwanza muulize kama siti skani imeonyesha mizizi inagusa mshipa wa fahamu, maana eksirei ya kawaida haitoshi, na mshipa ule ukiumia mdomo wa chini na kidevu vinakufa ganzi, wengine moja kwa moja, sio mchezo. Mizizi ikiwa mizima kwa kawaida fizi inafunga tu juu yake. Ila jino likiwa limeoza mpaka kwenye mizizi au linacheza, litoke lote. Na mizizi ikilegea wakati anakata itabidi aitoe, kwahiyo mkubaliane hilo kabla ya sindano. Yangu ilipanda juu kidogo baadaye, ikawa mbali na mshipa.