Nkambo alikuwa na wake wangapi? Majibu kwa wasomaji

Barua za wanaotafuta ukoo wao zimejaa tena. (Huku kwetu Katanga, kusini mwa Kongo, nkambo ni mzazi wa baba au wa mama.) Zile za "nkambo wangu aliitwa Joseph, nisaidieni" nimeziweka kando. Katanga ya zamani ilikuwa na akina Joseph wengi kuliko miembe. Nipeni kijiji, misheni, kambi ya kazi, mwaka hata wa kukisia.

*Nkambo alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, miaka ya 1930. Fishi yake (kadi ya mfanyakazi) ina bibi mmoja na watoto watatu, lakini ukoo mzima unajua wake wawili. Nani alidanganya?* (mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Hakuna. (Wasomaji wa Dar: huku kwetu bibi ni mke.) Fishi ile iliandikwa kwa ajili ya posho. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilitaka mfanyakazi aje na mke, atulie kambini, na mke na watoto wakapimiwa unga wao. Karani alihesabu midomo ya kulisha, na mke wa pili hakuwamo. Mwenye wawili alimwandikisha mmoja, mwingine akabaki kijijini. Kisha dekreti, yaani sheria ya koloni, ya mwaka 1950 ikakataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia Januari 1951, na watu wakazidi kuficha.

Fishi ya nkambo wangu mwenyewe ina Maria peke yake. Siku ya kilio chake, mama mzee mmoja alishuka kwenye lori na mkeka kwapani, akaenda moja kwa moja kukaa mahali pa wajane. Hakuna mzee hata mmoja aliyemuuliza jina. Huo nao ni ushahidi, uandike na tarehe yake.

Halafu tafuta kwa matrikile, namba ya mfanyakazi. Jina, karani aliliandika alivyolisikia. Namba aliinakili.

*Nikiandika jina kwenye intaneti nitapata ukoo wote?* (Katuba)

Hapana. Na hili nimelijibu mara ngapi?

*Nkambo aliolewa kanisani Élisabethville, lakini kitabu cha ndoa kimeliwa na mchwa. Ndiyo mwisho?* (Kamalondo)

Nenda alikobatizwa. Tangu mwaka 1908 Kanisa Katoliki linamtaka padri anayefungisha ndoa apeleke habari kwenye parokia ya ubatizo, iandikwe pembeni mwa jina. Kama alibatizwa misheni ya Kirungu kwa Mapadri Weupe, fungua ukurasa wake wa Kirungu. Ukingoni utaona wino mwingine na mwandiko mwingine: *matrimonium contraxit*, yaani amefunga ndoa, halafu *cum*, "na", halafu jina la mume, tarehe na mahali. Mara nyingine ziko mbili, moja chini ya nyingine: wa kwanza alikufa, akaolewa tena. Ukingo ukiwa mtupu usihukumu. Huenda padri alisahau kutuma barua, au ndoa ilikuwa ya mali tu, iliyolipwa mbele ya wazee, na wazee hawakuandika.

Na tafadhali, usipige picha ukurasa mzima na kuutupa WhatsApp. Humo mna watoto wa wenzako walioandikwa bila baba.

*Hadi 1971 babu anaitwa Albert. Baada ya hapo hayupo popote.* (Kampemba)

Hajafa. Mwaka 1972 Rais Mobutu alifuta majina ya Kikristo. Tafuta kwa majina yote mawili, la Kikristo na la Kiafrika, ila usihesabu watu wawili. Nimeletewa mti wa ukoo wenye mapacha ambao walikuwa mtu mmoja.

*Cheti cha mama kinamtaja baba ambaye shangazi anasema ni baba mdogo.* (Ruashi)

Ndugu ya baba ni baba. Karani aliuliza "baba yako nani?" akajibiwa sawasawa kabisa. Muulize shangazi swali jingine: huyo mama alitoka tumbo moja na nani? Na kama ninyi ni Wabemba au Walamba, mlipaswa kuanzia hapo, maana ukoo wenu unapita kwa mama. Wengi wanaoniandikia wamechora mti wa wanaume watupu, kisha wanashangaa matawi kukauka.

*Nkambo wetu mwanamke alikuwa chotara, baba yake Mbelgiji. Alilelewa na masista.* (Lubumbashi)

Serikali ya koloni iliwanyang'anya akina mama watoto wengi wa namna hiyo. Charles Michel, waziri mkuu wa Ubelgiji wakati huo, aliomba radhi bungeni Aprili 2019. Waandikieni Kifaransa watu wa Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji, Brussels, mkitaja misheni na mwaka. Jiandaeni tu: baba anaweza kuwa hakuandikwa mahali popote, kwa makusudi.

*Kuna bwana karibu na ofisi ya komini anasema anaweza kunipatia cheti cha ndoa ya nkambo cha mwaka 1954. Ninunue? Ni kwa ajili ya parsele (kiwanja).* (jina nimelificha)

Mambo ya parsele mpelekee wakili. Na kabla hujatoa hela, soma juu ya karatasi pameandikwa mji gani. Kama ni Lubumbashi, mwambie huyo bwana kwamba mji huu uliitwa Élisabethville hadi 1966.